Tupeane uzoefu: mtoto anasomea nyumbani na tahajia inamsumbua

Mama Kanyenye (Tabora mjini)

Habari za jioni wakuu. Naomba tukutane hapa wazazi na walezi ambao watoto wetu wanasomea nyumbani, iwe kwa muda mrefu au mfupi, na kuandika maneno kwa usahihi kunawapa tabu. Wangu ana miaka tisa, ana selimundu. Akianza kuumwa tunakaa nyumbani wiki kwa wiki, mwalimu wake wa darasa ananitumia kazi na mimi ndiye naisimamia. Kusoma anasoma bila kusuasua, hesabu ndiyo usiseme. Tatizo ni imla. Hapo machozi yako karibu.

Nianze na la kwangu. Kabla sijasahihisha chochote, namwambia anisomee kwa sauti alichoandika. Ukimkuta ameandika "karamu" na alikusudia kalamu, ujue hata mdomoni inatoka hivyo hivyo. Mkono unaandika kile ulichopewa na sikio. Sisi huku l na r zinatupiga chenga tangu enzi, maana Kinyamwezi chenyewe hakina r. Nimekua nikisikia "balua" na "habali" kwa watu wazima ninaowaheshimu. Kumgombeza mtoto kwa hilo ni kumwonea.

Kwa hiyo nampa maneno mawili mawili ambayo herufi moja ikibadilika na maana inahama: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Anatunga sentensi, kisha namsomea nikiwa nimebadilisha herufi. Siku aliposikia "wananchi wamepiga kula" alicheka mpaka akashika tumbo, na sasa akifika kwenye kura anatabasamu kwanza ndipo anaandika.

Kuna jambo lilimchanganya sana. Kitabu cha historia kinasema Mtemi Mirambo, lakini hapa mjini shule na kambi ya jeshi zimeandikwa Milambo. Akaniuliza nani kakosea. Nikamweleza ni mtu yule yule, mtawala aliyefariki mwaka 1884. Milambo ni kwa matamshi ya kwetu, Mirambo ndivyo walivyoandika wenye vitabu. Majina ya watu na mahali tunayafuata yalivyoandikwa na wenyewe, maneno mengine yote tunafungua kamusi. (Na kamusi nyumbani ni lazima jamani, hata iwe kuukuu.)

Haya, karibuni.

Binti wa Ujiji

Pole dada kwa kuuguza, Mungu ampe nafuu mwanetu. Kwangu l na r hazikuwa shida. Shida ilikuwa dh, th na gh. Dhahabu inaandikwa "zahabu", ghali inakuwa "gali", na thamani inageuka samani, yaani meza na makabati!

Kilichotusaidia ni madrasa. Mwanangu anasoma Kurani tangu mdogo na ustadhi wake haachi herufi itoke ovyo. Dhali ni dhali, zai ni zai. Jioni moja nikamuuliza: dhahabu ungeiandika kwa Kiarabu ungeanza na herufi gani? Akajibu hapo hapo, dhali. Kumbe tofauti alikuwa anaijua siku zote, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba sauti ile ya madrasa ndiyo hii dh ya kwenye daftari la Kiswahili. Tukachora jedwali: dhali ni dh, thaa ni th, ghaini ni gh, na chini ya kila moja anaongeza maneno anayokutana nayo. Ila msilifanye sheria isiyopinda. Dhuhuri na dhaifu kwa Kiarabu hazianzi na dhali, ingawa kwetu zote tunaziandika kwa dh.

Kwa asiyesoma madrasa, kioo kinatosha. Ukitamka th na dh, ncha ya ulimi inaonekana kati ya meno. Ukitamka s na z, imejificha. Mtoto akijiona mwenyewe anaelewa haraka kuliko maelezo yangu yote.

Mzee wa Mwalo (Kibirizi, Kigoma)

Mimi si mtu wa shule sana, lakini nina la kuchangia. Nanunua dagaa na migebuka hapa mwaloni, nauzia wanaosafirisha. Mjukuu wangu yuko nami akisubiri uhamisho wa shule, nikaona asikae bure. Nikamkabidhi daftari la madeni. Anaandika jina la mteja, alichochukua, na anachodaiwa.

Kosa lake kubwa lilikuwa kumeza herufi. Mteja mmoja alichukua ndoo ya migebuka, kijana akaandika "mgebuka". Siku ya kulipa yule mama akaweka kidole pale pale kwenye mstari, akasema, "Mzee, daftari lako linasema nilichukua mmoja." Alikuwa anatania, akalipa yote. Lakini mjukuu wangu alikodoa macho kwenye ile "m" kama ameiona kwa mara ya kwanza. Tangu hapo kila mstari anamsomea mteja kwa sauti kabla ya kufunga daftari, na akikuta silabi imekosekana anaipachika mwenyewe. Mimi simwambii kitu.

Baba Nzega

Mnawalea kama mayai. Sisi neno ukilikosea unaliandika ukurasa mzima, fimbo iko mezani. Mbona tulijua?

Bibi Mwalimu (Kasulu)

Mwanangu Baba Nzega, nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nikastaafu, na adhabu ya ukurasa mzima naifahamu. Hebu kaa nyuma ya mtoto anayeifanya. Akifika mstari wa tatu haandiki tena neno. Anashusha "ng'o" kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, kisha anarudi juu anashusha "mbe". Amejaza ukurasa, na neno ng'ombe hajaliandika hata mara moja. Na kama mstari wa kwanza alikosea, basi kosa ndilo alilolikariri. Fimbo nayo inamfundisha kuikimbia kalamu. Waliojua, walijua kwa sababu nyingine.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Neno liko mbele yake. Analitazama, analitamka kwa silabi huku anapiga kofi, ka-la-mu. Halafu analifunika, analiandika kwa kukumbuka, analifunua, na anasahihisha yeye mwenyewe. Hapo kwenye kujisahihisha ndipo penye kazi yote, msimpokonye. Maneno matano kwa siku yanatosha. Kesho unarudia yale yale, wiki ijayo unayachomoza tena bila kumwambia. Dakika kumi na tano, basi, akacheze.

Ukiona mtoto anaruka ile alama ya ng', usimpe kanuni kwanza. Mpe ng'ombe na ngoma, ng'oa na ngoja, ayatamke mpaka asikie kwamba ya pili ina g inayogonga. Mama Kanyenye, hapo mjini kwenu mna mtaa wa Ng'ambo. Mtoto auone kwenye kibao, kisha auhusishe na ng' nyingine anazozijua.

Kiswahili kina huruma kwa mtoto: irabu tano, kila moja na sauti yake, na sauti hiyo haibadiliki. Ndiyo maana kosa lake linakuonyesha moja kwa moja anachosikia.

Kaka Isevya (Tabora)

Naongezea dogo tu: simu. Mdogo wangu alianza kuandika "xaxa", "hpo" na "kua" badala ya kuwa, kumbe ananiiga mimi kwenye meseji. Sasa namwandikia maneno kamili, na yeye ananijibu kamili.

Nesi wa Urambo

Jamani, kabla ya yote mkaguliwe masikio. Mtoto wa dada yangu alikuwa haachi kuchanganya s na sh, f na th, tukadhani mzembe. Alikuwa na historia ya sikio kutoa usaha, na alipopimwa ikaonekana upande mmoja hasikii vizuri. Sauti hizo ni nyembamba, ndizo zinazopotea mapema kwa mwenye tatizo la usikivu. Alitibiwa, na tukawa tunakaa upande wa sikio zima wakati wa imla. Macho vilevile yapimwe.

Mlezi Uvinza

Na kama masikio na macho yako sawa, umesaidia kwa utulivu muda mrefu, na bado b na d zinageuka, silabi zinahama, hata kusoma ni kwa jasho? Huenda ni disleksia. Si ujinga. Daktari mmoja wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1887. Ubongo unapata shida kuunganisha sauti na herufi, ingawa akili ya mtoto ni nzima kabisa. Wangu ndivyo alivyo. Tunaandika herufi kubwa kwa kidole kwenye mchanga huku anaitamka, ili mkono, jicho na sikio vifanye kazi pamoja. Anaenda taratibu, lakini anaenda. Muulizeni afisa elimu wa wilaya kuhusu walimu wa elimu maalumu.

Mama Kanyenye

Asanteni sana, nasoma na kuandika pembeni. Bibi Mwalimu, shikamoo. Na Kiingereza je? Huko hata mimi nakwama. Ameniuliza k ya "knife" inafanya nini.

Bibi Mwalimu

Marahaba mwanangu. Mwambie zamani Waingereza waliitamka hiyo k. William Caxton alipopeleka mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda taratibu, lakini midomo ya watu ikaendelea kubadilika. Ndiyo maana "though", "tough" na "cough" zinafanana machoni na hazifanani masikioni. Huko sikio peke yake halitoshi, lazima jicho likariri. Mpe maneno kwa ukoo: "night", "light", "right", "fight" kwa pamoja, kisha ukoo mwingine siku nyingine. Na usichanganye lugha mbili katika kipindi kimoja.

Imla ya leo kwa wote, isomwe polepole mara mbili: *Ng'ombe wa Hamisi alivuka reli akala karanga ghalani.*

Mama Kanyenye

Tumeifanya sasa hivi. Ng'ombe sawa, Hamisi sawa, reli sawa, karanga sawa. Ghalani ameandika "galani", na alipofunua ameiona mwenyewe kabla sijanyoosha kidole. Binti wa Ujiji, naomba upige picha hilo jedwali lako uliweke hapa.