Mashine ya presha iliandika E mara tatu, wakabadilisha betri. Mama yangu sasa ana kiharusi

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mama yangu ana miaka 67. Tangu Januari tumeenda hospitali moja ya wilaya mara tatu, malalamiko ni yaleyale: "Moyo unarukaruka kama samaki aliyetolewa majini, unatulia, unaanza tena." Mara zote aliandikiwa presha na wasiwasi. Safari ya pili wakaongeza vidonda vya tumbo.

Safari ya tatu nilisimama naye mezani. Nesi akamfunga mkanda wa mashine ya presha, ukajaa upepo, ukashuka, kioo kikaandika E, yaani imeshindwa kusoma. Akarudia, E. Akahamia mkono wa kulia, E. Akatoa betri, akatafuta nyingine kwenye droo, akaweka. Mara ya nne zikatoka namba, akaandika kwenye faili: 138/86, mapigo 92. Akaita mgonjwa mwingine! Hakuna hata mmoja aliyemshika mama kiganja akasikiliza mapigo. Mashine nyingi za aina ile hushindwa kusoma mapigo yasiyo na mpangilio. Vidole vitatu chini ya kidole gumba, dakika moja nzima, macho kwenye saa, vingetosha. Mimi sijasomea udaktari lakini siku hizi nayasikia mwenyewe: mawili ya haraka, kimya, moja, kimya kirefu, matatu yakifukuzana.

Simtupii nesi lawama zote, foleni ilifika hadi nje chini ya mwembe. Lakini mashine ya ECG, inayochora mwendo wa umeme wa moyo, ilikuwepo jengo hilohilo na kipimo hakimalizi dakika kumi.

Siku kumi na moja baadaye mama anamimina chai, birika likamponyoka. Kumtazama, mdomo umeshavutwa upande.

Hospitali ya rufaa walipima ECG siku hiyohiyo: AF, ugonjwa wa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, inaganda, bonge linapanda kwenye ubongo. AF huongeza hatari ya kiharusi takribani mara tano, na valvu (mlango wa ndani ya moyo) ikiwa imebana, kama ya mama, hatari inazidi hapo. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikisimamiwa vizuri huzuia karibu theluthi mbili ya viharusi vya namna hii. Theluthi mbili! Ndiyo maana silali.

Na bado. Tuliruhusiwa na wafarini, kadi imeandikwa "rudi baada ya miezi mitatu". Neno INR hatukulisikia. Kumbe kipimo hicho, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinatakiwa kikae kati ya 2 na 3, na mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache! Wiki ya tatu mama akaharisha, duka la dawa wakampa Flagyl, fizi zikaanza kuvuja damu. Flagyl huipandisha nguvu wafarini. INR ilikuwa 7.

Msiniambie ninunue zile dawa mpya zisizohitaji INR. WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, sawa. Lakini valvu ya mama iliharibika kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, na utafiti wa INVICTUS wa 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, Afrika ikiwemo, ulionyesha wenye moyo wa aina hii pamoja na AF walifanya vizuri zaidi kwa dawa za kundi la wafarini kuliko rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Kwa watu kama mama, maabara isiyopima INR ni sawa na kumpa mtu gari lisilo na breki.

Mwongozo wa Ulaya wa 2024 unataka kila mwenye miaka 65 na zaidi akaguliwe mwendo wa moyo anapofika kwa mtoa huduma. Sisi tuanze na karatasi moja ibandikwe juu ya meza ya presha: shika mapigo kwa mkono, yakienda ovyo au mashine ikigoma, ECG leoleo, anayeanza wafarini asitoke getini bila tarehe ya INR na orodha ya dawa za kuepuka. Hakuna hapo kinachosubiri wafadhili.

Manesi na matabibu mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: kituoni kwenu, mashine ikiandika E mara tatu kwa mgonjwa mmoja, mnafanya nini?