Kitenge nimebeba toka Dar, mtu anasema kitafaa kufunikia ndizi za pombe ya mbege!

Wakuu, naandika nikiwa nyuma ya banda la ng'ombe, ndiko mtandao unakoshika. Nikirudi mbele nitatamka neno ambalo ukoo utalikalia vikao mpaka Pasaka.

Kuna mtu hapa. Simtaji, mnamjua. Kila kihamba (shamba la ukoo) Kilimanjaro kinaye: Dar hajawahi kukanyaga, ila bei za Kariakoo anazijua kuliko wenye maduka.

Nimeshuka Moshi tarehe 23 na mabegi manne. Langu moja. Matatu ni ushuru wa ukoo: sukari, mchele, sabuni za mche, mablanketi, khanga za mabibi, viatu vya watoto ambao wengine hata sijui ni wa nani. Dada mmoja kanikimbilia na kichanga mgongoni, "anko, huyu hujamletea!" Ningemleteaje, kazaliwa Oktoba?

Sasa jana, Krismasi, tumetoka misa, watu wamejaa mbele ya nyumba kama mia nne (haya, arobaini). Namkabidhi huyo nisiyemtaja kitenge chake kwa mikono miwili, na goti nimekunja kidogo. Kakipokea. Kakikunjua. KAKIINUA JUANI. Mbele ya katekista! Anakikagua kama keshia aliyepewa noti ya bandia. Halafu akasema polepole, ile polepole ya kusikika mpaka Rombo: "Ahsante mwanangu. Kitafaa kufunikia ndizi za mbege ziive."

Kufunikia ndizi, wakuu. Za mbege.

Watu walicheka mpaka mzee mmoja kamwaga kata nzima. Ng'ombe aligeuka. Mama yangu mzazi akajifanya anatafuta kijiko. Na mimi nikacheka, bwege mimi, ungefanyaje?

Binamu yangu kaja na televisheni ya inchi 43, kapigiwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Sisemi ni ya mkopo. Lakini ya kwake mbona haikuinuliwa juani? Jua la saa saba lile, hata ukuta ungeonekana upande wa pili!

Mwakani naja na mdomo tu wa kulia machalari.

Ndizi Mshale: Swali dogo mkuu. Ulinunua bei gani?

Mleta mada: Elfu 35.

Mama Vitambaa: Weka picha.

Mleta mada: [picha]

Mama Vitambaa: 😂😂😂 Hicho Mtaa wa Kongo elfu 12, ukikaza wanakuachia kwa 10. Bibie hakukosea kukiinua.

Mleta mada: Sawa, ilikuwa 15. Suala si bei. Suala ni kukiinua JUANI.

Kata Mbili: Ndizi zimeshaiva?

Pweza Mkavu: Huyo anavaa kilemba cha kijani? Kama ndiye, mwaka juzi blanketi langu alilinusa. Alilinusa, wakuu.

Mleta mada: Ndiye!!!

Mtumishi Hewa: Afadhali nyie mnanuswa na ndugu. Ofisini kwetu tulichota vikaratasi, kila mtu amnunulie mwenzake zawadi ya elfu 50. Mimi nikanunua shati la maana. Nikafungua ya kwangu: kikombe. Kikombe kile kile ninachonywea chai jikoni ofisini, na ufa wake. Wamekiosha, nakiri.

Ndizi Mshale: Wameosha ufa?

Bi Mkora: Mimi nimeletewa kapu la sikukuu, nailoni juu, utepe mwekundu kama gari la bibi harusi. Nikasema leo nimependwa. Nimefungua, nusu nzima ni karatasi zilizochanwachanwa. Chini: juisi moja, biskuti, na kiberiti. Kiberiti! Sijui nichome nini.

Kata Mbili: Choma kitenge.

Mleta mada: Mnajua alikishika kwa vidole viwili tu? Hilo sikulisema.

Jirani wa Nakuru: Nyinyi mnalia juu ya kitambaa? Huku Njaanuari inabisha hodi, karo ya watoto watatu inaningoja, na mjomba bado anauliza nimemwekea nini.

Mama Vitambaa: Karo tatu za nini, una hoteli?

Jirani wa Nakuru: Karo ya shule!

Mama Vitambaa: Huku karo ni pa kuoshea vyombo. Sema ada, tukuonee huruma vizuri.

Pweza Mkavu: Tuache vitenge na masinki. Nani kapanda basi tarehe 22? Nimelipa nauli kuzidi iliyoandikwa kwenye tiketi, halafu siti yangu ikawa ndoo. Ndoo, katikati ya basi, toka Mbezi.

Mtumishi Hewa: Ungepanda treni. Dar–Moshi imerudi tangu 2019.

Pweza Mkavu: Tiketi nilikuta zimeisha. Mpaka Same nilikuwa siusikii mguu wa kushoto.

Bi Mkora: Same? Mimi nilisimama mpaka Mwanga, na mtoto wa mtu nimepakatishwa. Mama yake kalala usingizi wa kifalme.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye kitenge. Hivi ninavyoandika naona kimeanikwa kwenye kamba. Hakijafunikia kitu. Ananitesa tu.

Kata Mbili: Mkuu sogea kidogo, tuko kwenye nauli. Pweza, ndoo ilikuwa ya lita 10 au 20?