Sponji na utepe wa kutosha sakafu ya laminate: nihesabuje?

Mwenye nyumba

Habari za jioni, wakuu. Ninajiandaa kuweka sakafu ya laminate, zile mbao za kiwandani zinazofungana kwa meno, katika sebule yenye urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 3.8, pamoja na korido ya mita 4.2 kwa 1.2. Nyumba haina ghorofa, na sakafu iliyopo ni zege lililopigwa niru. Sponji ya kutandika chini ya mbao inauzwa kwa roli ya mita 1 kwa 15. Nimepiga hesabu ya eneo nikapata mita za mraba 25.56, na muuzaji anasema roli mbili zinatosha na kubaki, ila utepe wa kuungia ameukisia tu. Je, hesabu ya eneo inatosha kununulia, na utepe unahesabiwaje?

Fundi sakafu

Mkuu, eneo linakupa pa kuanzia tu, kwa sababu sponji hukatwa vipande, na kila kipande lazima kifike kutoka ukuta hadi ukuta. Chora vyumba vyako kwenye karatasi, kisha uhesabu vipande.

Ukitandika kwa kufuata urefu wa sebule, utahitaji vipande vinne vya mita 5.4. Kila roli itatoa viwili na kubakiza mita 4.2, ambazo ni urefu wa korido yako barabara. Korido ina upana unaozidi mita 1, kwa hiyo inachukua masalio yote mawili. Hapo roli mbili zimekwisha bila kubaki hata sentimita moja ya urefu, na kwa kuwa kuta zetu ni nadra kunyooka, mkasi ukienda upande kidogo tu utalazimika kuunga viraka.

Sasa geuza. Ukivusha sponji kwenye upana wa sebule, utahitaji vipande sita vya mita 3.8, kila roli itatoa vitatu na kubakiza mita 3.6. Korido nayo ukiivusha kwa vipande vya mita 1.2, inahitaji vitano, na masalio yako yanatoa sita. Unabaki na kipande kimoja mkononi, ingawa roli ni zilezile mbili. Kuna faida nyingine pia: mbao zikilazwa kufuata urefu wa sebule, kama wengi wanavyopenda, maungio ya sponji yatakatana nazo badala ya kulala sambamba chini ya maungio ya mbao.

Utepe haufuati eneo hata kidogo, bali unafuata urefu wa maungio. Vipande sita vina maungio matano ya mita 3.8, yaani mita 19; vitano vya korido vina manne ya mita 1.2, yaani mita 4.8. Ongeza ungio la mlangoni, sebule inapokutana na korido, na jumla haifiki mita 26. Roli moja ya utepe ya mita 50 inakutosha. Kwa mpangilio wa kwanza ungetumia pungufu kwa takriban mita 3 na nusu, lakini utepe ni rahisi kuliko sponji, kwa hiyo mimi ningeona afadhali kuupoteza huo. Kumbuka kwamba sponji hukutanishwa ukingo kwa ukingo. Ukiipishanisha, utaacha tuta litakaloonekana juu ya mbao.

Mjenzi wa pwani

Naongezea jambo moja ambalo swali halikuligusa. Zege lililokaa juu ya ardhi hupandisha unyevu, kwa hiyo kama sponji yako haina nailoni yake, utahitaji nailoni nzito ya geji 1000 (geji ni kipimo cha unene) chini yake. Hiyo ndiyo inayopishanishwa, sentimita 20, ndipo utepe upigwe juu ya ungio. Nailoni mbili za upana wa mita 2 zikipishana hivyo zinafunika mita 3.8 tu, sawa na upana wa sebule yako, pasipo ziada ya kupandisha ukutani. Tafuta ya upana wa mita 4: haitakuwa na ungio lolote sebuleni, na itabaki sentimita 10 kila upande, ambazo utazikata baada ya kazi, kabla ya kupiga skatingi.

Usinunue utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, kwa kuwa hulegea ukipata unyevu. Chukua wa plastiki au wa alumini, na ufute vumbi la niru kabla ya kubandika.

Mwenye nyumba

Nashukuru sana, wakuu. Nitavusha upana. Je, kwa kuwa kuna sehemu zimebonyea kidogo, naweza kutandika sponji mara mbili hapo?

Fundi sakafu

Hapana, mkuu. Sponji ikizidi unene, mbao hubonyea zinapokanyagwa na meno yake ya kufungana hukatika. Weka rula ndefu ya mita 2 sakafuni. Ukiona mwanya unaozidi milimita 3, sawazisha kwa saruji na uiache ikauke kabisa. Angalia pia mgongo wa mbao zenyewe kabla hujalipa, kwa maana nyingine huja na sponji iliyokwisha kubandikwa, na hizo hazitandikiwi nyingine.