MJADALA: Kumpeleka mtoto IB ya bweni baada ya Form Four ni uwekezaji, au ni kumfungia vyuo vya nyumbani?

Wakuu, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wenye nafasi kidogo huanza ubishi uleule. Mtoto aende Form Five kama wenzake, afanye mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani), au alipiwe miaka miwili kwenye shule ya bweni ya kimataifa, iwe Moshi, Arusha au kule ng'ambo ya Namanga, asome IB (International Baccalaureate, diploma ya kimataifa ya miaka miwili) au A-level ya Cambridge halafu aende chuo cha nje?

Naweka msimamo wangu mapema ili mnijibu vizuri: kwa mzazi asiye na uhakika wa pesa ya chuo, IB ya bweni ni kamari, na siku ya kujiandikisha hakuna atakayemwambia hivyo.

Tuanze na asili yake. Shule ya kimataifa ya Moshi ilianzishwa 1969 kwa ajili ya watoto wa wataalamu wa kigeni waliokuja kufanya kazi hospitali ya KCMC. Walihitaji cheti ambacho kingepokelewa kwao wakirudi. Tangu 2019 shule hiyo ni UWC East Africa, yaani imo kwenye mtandao wa kimataifa wa shule za United World Colleges, na Watanzania wamo, wengine kwa ufadhili. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mfumo wa IB uliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi anayehamahama, na mzazi wa Kitanzania anaununua bila kuuliza kama mwanawe naye atahama kweli.

Sasa njooni kwenye kombi, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Diploma ya IB ina masomo sita: lugha mbili, somo la jamii, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au nyongeza ya kuchagua. Kwa mpangilio huo, mwanafunzi wa kawaida anaishia na sayansi mbili. Muhimbili, kwa udaktari, wanataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Fomsix wa PCB, yaani masomo hayohayo matatu, hana hata haja ya kufikiria jambo hili.

Binti wa dada yangu alisoma Kiingereza, Kifaransa, Uchumi, Hisabati, Biolojia na Kemia. Akafaulu vizuri tu. Chuo cha nje kilimpokea, ufadhili ukagoma, na dada hakuwa na milioni za kulipa kila mwaka. Wakapeleka cheti NECTA kupata ulinganifu, wakafungua fomu za udahili hapa nyumbani. Penye Fizikia hakuwa na cha kujaza. Ada yote ile, na aliyemaliza shule ya kata na PCB yake ya kawaida akawa na sifa ambayo yeye hana. Amechukua kozi nyingine ambayo hakuwahi kuiwaza.

Kinachoniuma ni kwamba njia ilikuwepo. IB wana kibali maalumu cha mwanafunzi kuchukua sayansi ya tatu akiachia somo jingine, endapo chuo anachokilenga kinadai hivyo. Lakini shule ndiyo inayoomba, na inaomba mapema, si mtoto akishafika mwaka wa pili. Dada hakuuliza kwa sababu hakujua kuna la kuuliza. Mshauri wa shule alikuwa anazungumzia Canada na Uholanzi. A-level ya Cambridge haina tatizo hilo, unachukua PCB yako bila kuomba ruhusa ya mtu.

Najua mtasema Form Six ni kukariri. Rafiki yangu anafundisha kidato cha sita na anakubali mwenyewe: miaka miwili ni madesa, pepa za nyuma na mock, na mtoto anaweza kupata Division One bila kuandika insha ndefu ya utafiti hata moja. Mwenzake wa IB lazima aandike moja ya maneno hadi 4,000, atafute vyanzo, atetee hoja. Mwaka wa kwanza chuoni tofauti hiyo inaonekana. Hapo sibishi.

Wala sibishi kuhusu anayeingia UWC kupitia kamati yao ya taifa ya kuchagua wanafunzi, akiwa na ufadhili. Huyo mpelekeni hata kesho. Tangu 2000 kuna mpango wa Davis unaowasaidia wahitimu wa UWC kusoma vyuo vya Marekani vilivyo kwenye ushirikiano huo, kwa hiyo safari yake haiishii kwenye diploma. Mimi namzungumzia anayeuza kiwanja Kibaha kulipia miaka miwili, huku ile minne inayofuata anamwachia Mungu.

Hoja ya kwamba watoto hawa wanapoteza Kiswahili naiona nyepesi. IB inaruhusu Kiswahili kama lugha ya kwanza ya mwanafunzi, na akisoma Kiingereza nacho kama lugha ya kwanza anapata diploma ya lugha mbili. Mara nyingi wazazi wenyewe ndio wanaochagua Kifaransa, kisha wanakuja kulalamika mtoto hawezi kumsalimia bibi.

Kuhusu ada: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo bili inakuja kwa shilingi. Msidanganyike. Mitihani ni ya nje na walimu wengi ni wa nje, dola ikipanda mtaisikia tu.

Ninachotaka shule hizi zifanye ni kitu kidogo. Kabla mzazi hajalipa hata senti, apewe karatasi moja inayoonyesha kwa masomo aliyochagua mwanawe, ni kozi zipi za UDSM, Muhimbili na SUA zinabaki wazi na zipi zimefungwa. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanatoa mwongozo wa sifa za udahili kila mwaka, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya siku moja.

Mwenye mtoto aliyemaliza IB bila Fizikia akapokelewa udaktari hapa nyumbani, aje na maelezo ya alivyopita. Na wenye shule waje watuambie kwa nini karatasi hiyo haipo.