Alopesia na saratani: mgonjwa aambiwe au aachwe alale?

Kaka Mkubwa: Wakuu, mdogo wangu wa kike ana alopesia areata, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia mashina ya nywele na kuacha mabaka kichwani. Juzi kasoma mahali kwamba baadhi ya jeni zinazohusishwa na ugonjwa wake zinatajwa pia kwenye habari za saratani. Siku ya tatu hii hajalala. Swali langu: daktari amweleze mgonjwa jambo hilo tangu mwanzo, au ni kumtia hofu bure? Mimi nasema aambiwe. Mwili ni wake.

Mzee wa Hoja: Aambiwe nini hasa? Mwaka 2010 timu ya mtafiti Angela Christiano, pale Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ilipekua vinasaba vya wagonjwa zaidi ya elfu moja. Sehemu nyingi zilizojitokeza zinahusu kinga, na mojawapo ni CTLA4. Hiyo ni breki ya seli T, yaani askari wa kinga ya mwili. Ikilegea, seli zinaweza kugeukia hata mwili wenyewe. Sasa, mtafiti James Allison alipata Nobel ya tiba 2018, pamoja na Honjo wa Japani, kwa kuonyesha kwamba ukiizuia breki ya namna hiyo, seli T zinaushambulia uvimbe wa saratani. Na wapo wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa hizo wakaishia kunyonyoka nywele kwa mabaka. Yaani kinachoiponza nywele huenda ndicho kinachoibana saratani. Mdogo wako alale. Isitoshe, ni nywele tu, hazijaua mtu.

Kipara Huru: "Ni nywele tu." Nilikuwa nakubaliana nawe mpaka hapo. Mimi zimeondoka zote: kichwa, nyusi, kope, hata za puani. Unajua kope zina kazi gani? Jasho na vumbi vinaingia machoni moja kwa moja. Pua inachuruzika bila taarifa. Na kila nikipita, kuna mtu ananipa pole ya saratani, anadhani nipo kwenye dawa. Nimepewa pole za ugonjwa nisio nao kwa miaka sita. Usiniambie ni nywele tu.

Mzee wa Hoja: Dada, nilisema haziui. Je, ni uongo?

Kipara Huru: Nani alikuuliza kuhusu kuua?

Chungu Tamu: Hayo ndiyo yaliyomkuta mwigizaji Jada Pinkett Smith, naye ana alopesia, kwenye tuzo za filamu za Oscar za 2022. Mchekeshaji Chris Rock alitania kichwa chake mbele ya dunia nzima, na watu wakacheka. Mimi lile kofi ambalo mumewe, Will Smith, alimpiga Rock nililielewa.

Mzee wa Hoja: Kofi halielezi ugonjwa.

Chungu Tamu: Lakini baada ya kofi watu wengi ndipo walipolisikia neno alopesia kwa mara ya kwanza. Madaktari walikuwa wapi miaka yote hiyo?

Kaka Mkubwa: Jamani, kofi tuliache. Nimeuliza habari za jeni.

Mpekuzi: Nikujibu mimi. Mzee kachagua upande mmoja. Taiwan walipopitia kumbukumbu za bima ya afya walikuta baadhi ya saratani, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ikiwemo, zimezidi kidogo kwa wenye alopesia. Watafiti wengine, Marekani, wakakuta saratani za ngozi zisizo melanoma (ile kali) zimepungua kwao. Huwezi kumpa binti jibu moja kutoka hapo. Na jeni zenyewe hazitoshi: pacha wa kufanana kabisa anaweza kuugua, mwenzake abaki na nywele zake.

Mzee wa Hoja: Basi umekubali kwamba hakuna cha kumwambia.

Mpekuzi: Sijakubali. Kipo cha kumwambia, ila kiko kwenye dawa. Barisitinibu, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa alopesia kali, na ina onyo la saratani. Hilo ndilo daktari asilifiche.

Kipara Huru: Onyo hilo nalijua kwa moyo, maana dawa hiyo nimeimeza mimi. Lilitokana na utafiti wa dawa nyingine ya kundi hilohilo, tofasitinibu, kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambao tayari walikuwa na kitu cha kuhatarisha moyo. Saratani ya mapafu ilionekana zaidi kwa waliovuta au waliowahi kuvuta sigara. Mimi nilikuwa na miaka 31, sivuti. Daktari alinieleza yote hayo, akanipima damu kwanza, kisha akaniuliza ninataka nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kabla yake.

Mzee wa Hoja: Dada, kwa ile kauli ya nywele, niwie radhi. Niliongea kama mtu mwenye kope.

Kipara Huru: Haya.

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu yuko hapa pembeni, anasoma. Anauliza: je, zilirudi?

Kipara Huru: Mwambie nyusi zilianza mwezi wa nne. Kichwa kilichelewa. Nilipoacha dawa, baada ya miezi michache zikaanza kudondoka tena, nikarudi kuanza upya. Hilo nalo aulize kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Kaka Mkubwa: Anauliza kope je.

Kipara Huru: Kope ninazo. Za jicho la kushoto ni ndefu kuliko za kulia.