Mmea ni mmoja, majina mawili, na mzigo wangu umerudishwa

Ndugu wanajukwaa,

Nina kitalu cha maua Wakiso, Uganda, na leo nimekuja kulalamika waziwazi. Mzigo wangu wa Drimiopsis botryoides, ule mmea mfupi wa kitunguu wenye majani ya mabakabaka, umerudishwa kabla ya kumfikia mnunuzi wa Nairobi, kwa sababu oda yake imeandikwa Ledebouria na cheti cha afya ya mimea kimeandikwa Drimiopsis. Karani alipigia mstari majina yote mawili kwa kalamu nyekundu, akaniambia kuwa hiyo ni mimea miwili tofauti na kwamba nilitaka kupitisha mmoja kwa karatasi za mwingine.

Si miwili. Jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya Drimiopsis ilitangazwa na wataalamu wa mimea Lindley na Paxton mwaka 1851; kisha mwaka 2004 wenzao Manning, Goldblatt na Fay wakaiingiza, pamoja na jenasi ya Resnova, ndani ya jenasi ya Ledebouria. Mwaka 2006 wataalamu wengine walichunguza vinasaba vya jenasi hizo tatu na kutetea Drimiopsis ijitegemee. Mnunuzi wangu anafuata upande mmoja, mimi ninafuata wa pili, na hakuna aliyedanganya. Hata familia imehama, kutoka Liliaceae hadi Hyacinthaceae, na tangu mwaka 2009 Asparagaceae, jambo ambalo sijathubutu kumweleza karani yule.

Ubishi wa wataalamu siupingi, maana una hoja. Katika ua la Drimiopsis, vipande vitatu vya ndani kwa kawaida hufumba juu ya ovari (kifuko cha mbegu changa) huku vitatu vya nje vikiachana navyo, ilhali katika Ledebouria vyote sita hufanana na kupinda kwa nje. Wapo wanaoona tofauti hiyo inatosha kutenga jenasi, na wapo wasioona hivyo. Lakini mimi husafirisha vitunguu vitupu, visivyo na ua wala jani. Karani angekagua nini zaidi ya tahajia?

Kinachoniudhi ni fomu yenye nafasi moja tu ya jina la kisayansi, pamoja na ofisi inayokataa kuandika kisawe pembeni hata ukiwaonyesha kwamba majina yote mawili yamechapishwa. Hasara ya ubishi wa maabara inalipwa na muuza maua.

Je, kuna mwenzangu aliyewahi kukubaliwa cheti chenye majina yote mawili? Aliyaandikaje, na aliombea wapi?