Waini ya hapa Nakuru isiyo ghali ni ipi?

Wakuu, nina wageni wa wiki mbili. Wanataka waini ya Kenya, si ya Afrika Kusini. Ninunue ipi?

— Tafuta Leleshwa. Zabibu zake ni za Naivasha, humu humu kaunti ya Nakuru. Anza na nyeupe, Sauvignon Blanc, kwa samaki inafaa sana. Soma lebo vizuri: kujazwa chupani Kenya si sawa na zabibu za Kenya.

— Chupa iliyokaa dirishani iache, jua huiharibu. Na nyekundu pia iwekeni friji dakika 20. Kwa joto kama la Kisumu, bila hivyo utasikia pombe tu, tunda halionekani.

— Angalia stempu ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) kwenye chupa. Waini ikishafunguliwa, ifunike, iweke friji, inywe ndani ya siku 3 hivi.